Hadithi Yetu Inageukia Wapi?

Maneno kwa familia zilizohamishwa na viongozi wao



Tunajua kwamba wengi wenu mlipenda tuzungumze juu ya unga, mbegu, hema na karo ya watoto. Mambo hayo yana siku yake, na hatuyasahau. Leo tunaomba muda kidogo kwa ajili ya jambo lingine, nalo ni hadithi. Hatusemi tu juu ya hadithi za jioni kando ya moto. Tunasema juu ya namna tunavyosimulia yaliyotupata. Maana katika nchi yetu watu hawakushika silaha kwa sababu ya njaa peke yake. Walishika pia kwa sababu ya hadithi walizosimuliwa: nani alianza, nani ni mwenyeji, nani alikufa bila kulipiwa kisasi. Na watoto wetu wanasimuliwa hadithi hizo kila siku, hata pale ambapo hakuna shule.

Kwa hiyo tutazame pamoja namna hadithi inavyojengwa. Tutatumia Biblia, na kitabu kimoja cha Kiafrika.

Matukio peke yake si hadithi

Sikilizeni kwanza maneno haya: "Daraja lilivunjika. Mama alilala njiani. Mtoto alikosa mtihani." Hayo ni matukio matatu, kama mawe matatu yaliyotupwa chini.

Sasa sikilizeni tena: "Mkubwa mmoja alikula pesa ya matengenezo, ndiyo sababu daraja likavunjika. Kwa kuwa daraja lilivunjika, mama aliyekwenda sokoni alilala njiani. Na kwa kuwa mama hakurudi, mtoto alibaki kuwalinda wadogo zake, akakosa mtihani." Matukio ni yale yale, lakini sasa tunaona uzi unaoyafunga. Tunajua nani alisababisha nini, na tunajua tumwulize nani.

Waalimu wa fasihi wanauita uzi huo msuko, au ploti. Neno msuko ni neno zuri. Anayesuka kikapu hachukui majani kama yalivyoanguka. Anachagua lipi litangulie, lipi lipite juu na lipi lipite chini. Msimulizi naye hufanya hivyo. Mgiriki aliyeitwa Aristotle, aliyeishi zaidi ya miaka 2300 iliyopita, alifundisha kwamba hadithi nzima ina mwanzo, katikati na mwisho. Alifundisha pia kwamba katika hadithi bora kuna mahali mambo yanapogeuka, na kuna mahali mtu anapotambua jambo ambalo hakulijua.

Basi tushike maneno manne: mwanzo, fundo, geuko na mwisho. Tutayapima kwa hadithi ya Yusufu, katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 37 hadi 50. Ndugu zetu Waislamu wanamjua pia, kwa kuwa sura ya 12 ya Kurani ina jina la Yusufu. Leo tutafuata namna kitabu cha Mwanzo kinavyosimulia.

Mwanzo: tunaanzia siku gani?

Wengi tukisimulia hadithi hii tunaanza sura ya 37. Yusufu ni kijana wa miaka 17. Baba yake anampenda kuliko wote na amempa kanzu nzuri. Anaota ndoto, anazisema, ndugu zake wanamchukia. Wanamtupa shimoni, kisha wanamuuza kwa vipande 20 vya fedha. Mwenye kuanzia hapo atasema: ndugu hawa ni wabaya. Na kweli walitenda ubaya.

Lakini kitabu chenyewe kimeanzia mbali zaidi. Katika sura ya 27, Yakobo, baba yao, alikuwa bado hajaoa. Alitaka baraka ya kaka yake Esau. Basi alivaa nguo za Esau, mama yake akamfunika mikono kwa ngozi ya mbuzi, naye akamdanganya baba yake Isaka ambaye macho yake yalikuwa hayaoni. Miaka mingi inapita. Wana wa Yakobo wanachinja mbuzi, wanachovya kanzu ya ndugu yao katika damu, wanampelekea baba yao. Yule aliyedanganya kwa nguo ya ndugu na kwa mbuzi, sasa anadanganywa kwa nguo ya ndugu na kwa mbuzi. Msimulizi hatuhubirii neno lolote hapo. Anaweka vitu viwili mbele yetu, na mwenye masikio anasikia.

Je, hiyo inawaondolea wale ndugu hatia? Hapana. Kueleza jambo lilikotoka si kufuta kosa. Lakini tunajifunza kwamba nyumba hii iliumwa kabla ya siku ile ya shimo, na kwamba Yakobo, anayelia leo, naye aliwahi kumliza mtu.

Ndugu, tuseme wazi. Tukikaa katika barza hapa Kivu au huko Ituri, kila mmoja anakuja na mwaka wake. Mmoja anaanzia 1937, wakati wakoloni Wabelgiji walipoanza mpango wa kuleta familia kutoka Rwanda kwenda Masisi. Mwingine anaanzia 1993, vita vya Walikale na Masisi. Mwingine anaanzia 1994, wakimbizi walipovuka mpaka kwa maelfu na maelfu. Mwingine anasema 1996, mwingine 1998, mwingine wa Ituri anasema 1999. Vijana wanaanzia Januari 2025, Goma ilipotekwa, kwa sababu ndiyo siku waliyoiona kwa macho yao.

Hakuna katika hao anayesema uongo. Kila mwaka huo una vilio vyake. Lakini angalieni: kila mmoja ameanzia siku ambayo watu wake waliumizwa. Ni wachache sana wanaoanzia siku ambayo watu wao waliumiza wengine. Anayechagua mwanzo amekwisha kuchagua mwenye kosa, hata kabla hajasema neno la pili.

Fundo: kilio kilichofichwa

Turudi kwenye shimo. Someni sura ya 37 polepole, mtaona jambo la ajabu. Yusufu anatupwa shimoni, ndugu zake wanaketi kula chakula, wafanyabiashara wanapita, anauzwa. Lakini Yusufu mwenyewe hasemi neno hata moja. Hatusikii akilia. Mtu angedhani alikwenda kimya kama mzigo.

Sura tano zinapita, na zaidi ya miaka 20. Njaa imeingia katika nchi. Ndugu wale wamekwenda Misri kununua nafaka, wamesimama mbele ya mkubwa wasiyemtambua. Wanabanwa, wanaogopa. Hapo, katika sura ya 42, wanaambiana wao kwa wao kwamba wana hatia, kwa kuwa waliona uchungu wa ndugu yao alipowasihi, wakakataa kumsikia. Kumbe alilia! Kumbe aliwaomba! Msimulizi alikificha kilio hicho tangu mwanzo, na sasa anakitoa, tena katika vinywa vya wale waliokikataa.

Na Yusufu yuko pale pale. Wao hawajui kwamba anaelewa lugha yao, maana kati yao kuna mkalimani. Anageuka kando, analia.

Hiyo ndiyo kazi ya fundo katika hadithi. Jambo lililofungwa halifunguki kwa sababu muda umepita. Linafunguka pale aliyelifunga anapolitaja kwa jina lake. Aliyeumizwa amelijua siku zote. Anachongoja ni kulisikia kwa aliyemwumiza.

Kuna jambo lingine ambalo wasomaji wengi wanaliruka. Sura ya 38 inaiacha hadithi ya Yusufu na kusimulia mambo ya Yuda, yule aliyetoa shauri la kumuuza ndugu yao. Wengine wamedhani ni sura iliyopotea njia. Sivyo. Katika sura hiyo Yuda anazika wana wawili. Sasa naye anajua maana ya kupoteza mtoto. Kisha anamhukumu mkwewe Tamari auawe, na Tamari anamletea vitu vyake Yuda mwenyewe na kumwambia avitambue. Hapo Yuda anakubali mbele ya watu kwamba mwanamke huyu ana haki kuliko yeye. Na neno hilo la kutambua ndilo wale ndugu walilomwambia Yakobo walipompelekea kanzu yenye damu. Uzi ni mmoja. Yuda anaanza kubadilika kabla sisi wasomaji hatujajua kwa nini tunahitaji abadilike.

Geuko: Yuda anasogea mbele

Ukiwauliza watu wengi hadithi ya Yusufu inageukia wapi, watasema ni pale Yusufu, mwenye miaka 30, anapotolewa gerezani na kuwekwa juu ya Misri yote. Ni furaha kubwa, lakini tunaona kwamba geuko lenyewe haliko pale. Yusufu amepanda cheo, lakini nyumba ya Yakobo bado imevunjika. Mtu anaweza kupata kazi nzuri na nyumba ya matofali, na vita vikabaki moyoni mwake.

Geuko liko katika sura ya 44. Kikombe cha fedha kimekutwa katika gunia la Benyamini, mdogo wao. Yusufu anasema: huyu mmoja atabaki mtumwa wangu, ninyi wengine rudini kwa baba yenu kwa amani. Tazameni mambo yalivyopangwa. Ni mtoto mwingine wa Raheli, mpendwa mwingine wa baba. Ni utumwa ule ule Misri. Na njia ya kurudi nyumbani iko wazi, bila adhabu. Mambo yote ya siku ya shimo yamerudi. Wanaweza kufanya tena walichofanya, na safari hii wala hawatahitaji kuchinja mbuzi.

Hapo Yuda anasogea mbele. Anasema maneno mengi, moja ya hotuba ndefu kuliko zote katika kitabu cha Mwanzo. Anaeleza huzuni ya baba yake. Na mwisho anaomba abaki yeye mtumwa mahali pa kijana. Yule aliyemuuza ndugu sasa anajitoa mwenyewe kwa ajili ya ndugu. Yusufu hawezi kujizuia tena. Anawatoa watu wote nje, analia kwa sauti, anawaambia yeye ni nani.

Tunaomba viongozi walishike jambo hili. Hadithi haikugeuka kwa sababu aliyeumizwa alilazimishwa kusamehe. Hakuna aliyemwendea Yusufu gerezani na kumwambia asahau. Yeye aliwapima kwanza ndugu zake, akatazama kama ni watu wale wale. Hadithi iligeuka siku ambayo mtu aliyekuwa na nafasi ya kurudia kosa la zamani alikataa kulirudia, na akakubali kulipa gharama. Kwa hiyo tusikimbilie kwa mama aliyepoteza mume na watoto tukimwambia asamehe haraka ili ripoti ya upatanisho ipendeze. Tumwulize kwanza Yuda yuko wapi.

Hadithi iliyokataa kugeuka

Sasa tutazame kitabu cha Chinua Achebe, mwandishi wa Nijeria, kilichotoka mwaka 1958 kwa Kiingereza, na ambacho Kiswahili chake kinaitwa Shujaa Okonkwo. Tunakichagua kwa sababu Okonkwo pia alihamishwa. Katika maziko ya mzee mmoja bunduki yake ililipuka kwa bahati mbaya, ikamuua kijana wa ukoo. Kwa sheria ya kwao alipaswa kukimbia na familia yake, kukaa miaka saba katika kijiji cha wajomba zake.

Wajomba walimpokea vizuri. Walimpa kiwanja, walimpa mbegu za viazi vikuu. Mjomba mzee Uchendu aliwakusanya watu, akamfundisha kwamba mtoto akipigwa hukimbilia kwa mama, na kwamba yeye si wa kwanza kupatwa na msiba. Miaka ile saba ingeweza kuwa geuko. Lakini Okonkwo aliihesabu kama miaka iliyopotea. Maisha yake yote aliogopa kitu kimoja, kuonekana dhaifu kama baba yake. Kwa woga huo alikuwa amekwisha kumkata kwa panga Ikemefuna, kijana aliyemwita baba. Akarudi kijijini na moyo ule ule, wakati kijiji kilikuwa kimebadilika. Alimuua mjumbe wa serikali akidhani watu watainuka pamoja naye. Hawakuinuka. Akajinyonga.

Yusufu na Okonkwo wote walifukuzwa kwao. Wote walikaa miaka mingi ugenini. Tofauti iko katikati ya hadithi. Kwa nyumba ya Yakobo miaka ya katikati ilifanya kazi ndani ya watu. Kwa Okonkwo ilikuwa ni kungoja tu.

Na sisi, wapendwa, tuko katikati. Hatuko mwanzo, wala hatujafika mwisho. Maisha ya kambini au ya nyumba ya kupokelewa ni katikati ya hadithi. Hatusemi kwamba ni jambo jema. Hakuna jema katika kulala chini ya turubai mvua ikinyesha. Tunasema tu kwamba katikati ndipo hadithi inapopata mwelekeo wake.

Kitabu cha Achebe kinaisha kwa jambo moja linalotugusa sisi wa mashirika. Mkubwa wa kikoloni anautazama msiba wa Okonkwo na kufikiri kwamba atauandika katika kitabu chake, labda aya moja tu. Maisha yote ya mtu, na watu wake, na woga wake, aya moja! Tunakiri kwamba nasi tumefanya hivyo. Tumeandika "familia zilizopokea msaada" na kuweka hesabu, nanyi mkawa hesabu. Ndiyo sababu tunawaomba msimulie wenyewe, kwa urefu wake. Msiposimulia, wengine watasimulia, na watachagua mwanzo wanaoutaka.

Mwisho: hadithi inayoachwa wazi

Yusufu na ndugu zake walikumbatiana katika sura ya 45. Tungependa hadithi iishie hapo. Lakini Yakobo aliishi Misri miaka 17, kisha akafa. Na baba alipokwisha kuzikwa, ndugu waliogopa upya: labda Yusufu alikuwa anangoja tu mzee afe ili alipize kisasi. Yusufu alilia tena, akawahakikishia tena. Basi upatanisho si siku ya sherehe na mbuzi wa kuchoma. Baada ya miaka 17 bado mtu anahitaji kusikia neno lile lile mara ya pili.

Kuna hadithi nyingine katika Biblia ambayo mwisho wake haukuandikwa. Ni ya Yona. Alitumwa Ninawi, mji mkuu wa adui, akakimbilia upande mwingine. Mwishowe alikwenda, akahubiri, watu wakatubu, mji ukaokoka, naye akakasirika. Hakutaka adui asamehewe. Mungu anamwuliza kama haifai kuuhurumia mji ule wenye watu zaidi ya 120,000 wasiojua mkono wa kuume na wa kushoto, na wanyama wengi pia. Kitabu kinakomea katika swali hilo. Yona alijibu nini? Hatujui. Msimulizi ameacha nafasi tupu, na nafasi hiyo ni ya msikilizaji.

Ndugu zetu, tunadhani hadithi ya Kongo imekomea katika swali kama hilo. Mikataba imetiwa sahihi mara nyingi, huko Sun City mwaka 2002, Goma mwaka 2008, na mingine baadaye. Lakini hakuna mkataba unaoweza kujibu mahali pa Yona, wala kusogea mbele mahali pa Yuda. Hiyo ni kazi ya watu wenye majina, katika vijiji vyenye majina.

Tunawaachia maswali machache ya kujadiliana mtakaporudi katika vikundi vyenu:

1. Tunaposimulia yaliyotupata, tunaanzia mwaka gani? Jirani yetu wa kabila lingine anaanzia wapi? Je, tunaweza kuandika miaka yote miwili juu ya ubao mmoja?

2. Ni kilio gani ambacho sisi tulikisikia tukakataa kukisikiliza? Nani anangoja kutusikia tukikitaja?

3. Watoto wetu wanajifunza nini kutoka kwa hadithi tunazosimulia usiku? Katika hadithi hizo, kuna mtu yeyote anayebadilika?

4. Katika kijiji chetu, nani amewahi kupata nafasi ya kurudia ubaya akakataa? Tumesimulia habari zake?

Swali la nne ndilo tunalolipenda zaidi, kwa sababu watu hao wapo. Kuna waliowaficha jirani zao chini ya kitanda. Kuna waliokataa kuonyesha nyumba ya mtu. Habari zao husimuliwa kwa sauti ndogo, kana kwamba ni aibu. Tunaomba zisimuliwe kwa sauti, mbele ya watoto.